Matokeo Niliyoyarudisha Getanuwas

Tangu nistaafu nimepigiwa simu na ofisi mara nne, na mara zote swali ni lilelile: "Madam Zuhura, hili boksi chini ya meza yako ni la nini?" Simu za Katesh hukatika upepo ukianza, kwa hiyo sijawahi kufika mwisho wa jibu. Nimeona niandike. Vijana mnaobaki mtasoma mkipata nafasi, na mkikosa nafasi mtaendelea kupiga simu.

Ya kupanda madaraja na mshahara sitayagusa. Yapo kwenye jalada langu, na panya waliolitafuna wanayajua kuliko mimi.

Nilifika Hanang kutoka Newala nikiwa na cheti cha maendeleo ya jamii na koti la mvua. Koti halikuwa na kazi. Siku ile Katesh ilikuwa inanyesha vumbi. Mkuu wa idara hakuniuliza safari yangu ilikuwaje. Alisukuma kwa mguu boksi la sabuni za kufulia mpaka likafika mbele ya kiti changu.

"Utaratibu unasema mtafiti akimaliza, matokeo yarudi kwa wananchi aliowatafiti," akasema. "Watafiti wameyaleta hapa. Wananchi wako kule." Akaonyesha dirishani. "Kati ya hapa na kule ni wewe."

Ndani mlikuwa na ripoti tano, zote kwa Kiingereza. Moja ya chembe hai za mwili, moja ya nyota, moja ya uchumi, moja ya fizikia ya udongo wa kujengea, na ya mwisho, nyembamba kama daftari la shule, ya kemia ya miamba na maji. Mimi kemia nilipata F, na hata hiyo F nilisaidiwa. Juu ya boksi palikuwa na fomu. Kila ripoti isomwe mkutanoni, mwenyekiti aweke sahihi, halafu afisa aweke tiki sehemu moja kati ya mbili: Yamerudishwa, au Hayajarudishwa. Sehemu ya tatu haikuwepo.

Nilianza na ripoti ya juu kwa sababu ilikuwa juu. Naomba mkumbuke kosa hilo, nitalizungumzia tena.

Nilipewa Mzee Tluway, dereva na mkalimani. Alikuwa Mmbulu wa upande wa Haydom, mrefu, amevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na alijua Kimbulu na Kibarbaig kama anavyojua gia za lile gari bovu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akaangalia viatu vyangu vya ofisini, kisha chati niliyoikunja kwapani.

"Hiyo chati iache," akasema.

"Ina mchoro wa chembe hai, mzee. Watu waone."

"Wataiona, ndiyo. Ikiruka."

Nilibeba. Ilipaa kijijini Nangwa dakika ya pili ya mkutano, na baadaye tuliikuta imezibia dirisha la choo cha shule. Ilifanya kazi pale miaka mingi. Kwa hiyo chati msibebe. Bebeni kipaza sauti cha betri, na betri ziwe zenu, kwa sababu za ofisi huwa ziko kwenye redio ya mtu.

Nangwa ndiko walikochukuliwa watu ute wa mashavu. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba chembe hai ikikosa chakula, hula sehemu zake zilizochakaa ili iendelee kuishi. Mwalimu wa sayansi wa sekondari alinisaidia kuitafsiri ripoti kwa wiki tatu. Niliieleza, Mzee Tluway akatafsiri, na mama mmoja akasimama, kitenge kimefungwa vizuri, uso wa mtu aliyekuja na mambo yake.

"Madam, kwa hiyo mimi hapa nilipo ninajila?"

"Kidogo kidogo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Akafikiri. "Na huwa ninashiba?"

Ripoti haikusema. Muhtasari wa mkutano ule bado upo, unasema wananchi wanaiomba serikali ipunguze kujila wakati wa njaa. Mwenyekiti akaweka sahihi, nami nikaweka tiki.

Ya udongo tuliipeleka upande wa Mbulu, kwenye nyumba za kukandika. Ilikuwa na kurasa mia na kitu na mashine za kupima nyufa, na ilisema kwamba udongo ukichanganywa na samadi haupasuki kirahisi. Bibi mmoja aliyeketi mbele aliuliza, "Hilo wamegundua kwa nani?"

"Maabara, bibi."

"Maabara ndiyo mimi? Walikaa hapa siku tatu nikiwafundisha kukanda. Mmoja alikanda na viatu." Akaomba niwaandikie watafiti kwamba amepokea matokeo yake na hayana makosa. Niliandika. Nilikuwa bado ninaandika kila nilichoambiwa.

Kitongoji kimoja cha Getanuwas kilibahatika, kama ni bahati, kutafitiwa mara tatu. Tulianza na nyota. Watu wa darubini walikuwa wamepiga kambi huko kwa sababu ya giza lake zuri, na wakaigundua nyota ambayo imekwisha kufa. Tunachokiona ni mwanga uliotoka kabla haijafa na ungali njiani. Niliposema hivyo, na Mzee Tluway akasema kwa Kibarbaig, wanaume waliokuwa wameegemea fimbo zao walitazama juu wote. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Gidamis, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

"Alikuwa na watoto?" akauliza kwa Kibarbaig, nikatafsiriwa.

Nilimtazama Mzee Tluway. Akaninong'oneza kwamba hapa mzee akifa na watoto na heshima yake hufanyiwa bung'eda, mazishi makubwa ya kujengewa kaburi refu la udongo, na watu huja kutoka mbali. Asiye na watoto hafanyiwi. Nikafungua ripoti. Kweli ilikuwemo: vumbi la nyota ile lilitengeneza nyota nyingine.

"Walikuwepo," nikasema. "Wengi."

"Basi alikuwa mtu mzima," Gidamis akasema, na wote wakasimama kimya kuipa heshima. Kipaza sauti kililia chenyewe, nikakizima. Kikao kiliazimia kutuma rambirambi. Nilipeleka barua kwa watafiti kupitia ofisi, kwa nakala tatu, wakajibu kwa shukrani na kusema ni wao wa kwanza kuwapa pole.

Ya uchumi haikwenda vizuri hivyo. Watafiti walikuwa wamepita na madodoso wakiuliza: ungepewa ng'ombe mmoja leo au wawili mwakani, ungechukua nini? Wakahitimisha kwamba wakazi wa hapo hawana subira. Nilipomaliza kusoma, Gidamis aliinuka taratibu.

"Mimi nilisema wawili mwakani. Huu ni mwaka wa tatu. Zizi lao nimeshajenga. Wako wapi?"

"Mwenyekiti, wale walikuwa ng'ombe wa kufikirika."

"Wa rangi gani?"

"Hawana rangi. Hawapo."

"Ng'ombe asiye na rangi sijamwona," akasema, "lakini sijasema simtaki. Nitasubiri."

Mzee Tluway alitafsiri maneno yangu kwa muda mrefu, na watu walicheka mpaka mama mmoja akashikiliwa asianguke. Nilikuwa nimezoea. Mimi nikisema sentensi moja, yeye alisema kumi. Nikisema kumi, yeye alisema neno moja na watu wakajishika mbavu. Nilidhani ndivyo lugha ile ilivyo. Mikutano yetu ilijaa kuliko ya wanasiasa. Watu walitoka vitongoji vya jirani na viti vyao. Ofisini nilisifiwa kwa uhamasishaji.

Ndipo nikafika chini ya boksi.

Ile ripoti nyembamba ilikuwa ya kisima kirefu cha kitongoji hichohicho. Wataalamu wa miamba walipima maji yake wakakuta madini ya floraidi kupita kiasi kinachofaa kunywa. Kiasi kile hufanya meno ya watoto kuwa kahawia na kumomonyoka, na kwa miaka mingi hukaza mifupa na kupinda miguu. Niliisoma mwenyewe kwa kamusi kwa siku moja tu, kwa sababu ilikuwa na kurasa tisa. Ilikuwa imekaa miguuni pangu zaidi ya mwaka, nikiipandishia miguu nikinywa chai, wakati mimi nashughulika na mazishi ya nyota. Watoto walikuwa wanakunywa. Kama si upumbavu wa kuanza na ya juu, ningekuwa nimefika pale wiki yangu ya kwanza.

Twende kwenye mkutano. Watu walijaa, wamekaa mkao wa kufurahi. Nilisoma polepole. Mzee Tluway akatafsiri, watu wakacheka. Nikasema watoto watapinda miguu, akatafsiri, wakacheka zaidi. Gidamis akaweka sahihi akifuta machozi ya kicheko. Nikaingia garini na fomu yangu.

Njia ya kutoka inapita kisimani. Foleni ya ndoo ilikuwa imeshaanza, na aliyeshika pampu alikuwa Udamarega, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa mbele yangu mkutanoni na mwanawe mgongoni. Nilimwambia Mzee Tluway asimamishe gari.

"Udamarega, hukunisikia?"

"Nilikusikia, Madam." Alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka. Sikuwahi kumsikia akikisema.

"Nilisema nini?"

"Umesema maji yana madini, yanaharibu meno na mifupa ya watoto."

"Kumbe Kiswahili unakijua!"

"Tunakijua wote. Hukuwahi kutuuliza. Tunakusikiliza wewe kwanza, halafu tunamsikiliza mzee kwa kuchangamka."

"Basi mbona unachota?"

Aliacha kupampu. Hakuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Madam, ulikuja ukasema nyota imekufa. Ilikuwa kweli? Kweli. Ukasema ng'ombe wa Gidamis hawapo. Kweli. Wewe huleta mambo ya kweli. Tunasikia, mwenyekiti anaweka sahihi, tunaenda nyumbani. Hili nalo lilikuwa la kufanya kitu?"

Nilirudi garini. Mzee Tluway alikuwa ameshika usukani na gari limezimwa.

"Mzee, ulitafsiri nini pale niliposema miguu itapinda?"

Aliachia usukani. "Nilisema watoto watakuwa na miguu kama ya wacheza mpira, timu ya wilaya itapata mabeki."

"Na ya floraidi?"

"Nilisema maji yamekuwa makali kuliko mama mkwe." Akavua kofia yake, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kichwa chake hakina unywele hata mmoja. "Ile ya kwanza, ya Nangwa, walikuwa wanasinzia, Madam. Nikatia chumvi kidogo. Wakaamka. Tangu hapo wakawa wananisubiri, nikaona haya kuwanyima. Leo nilikusikia vizuri kabisa, mdomo ukaenda wenyewe."

Hata mimi nilikuwa nimesifiwa kwa vicheko vyake.

Tukageuza gari. Gidamis alikubali kuwaita watu tena, akidhani tumesahau utani mmoja. Safari hii Mzee Tluway alisimama wima na kutafsiri neno kwa neno, uso mkavu kama wa hakimu. Watu walicheka kuliko siku zote. Kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyozidi. Akarudia, kofia mkononi. Mzee mmoja akampigia makofi. Sijawahi kumwona mtu akiomba kwa nguvu hivyo kuaminiwa na akashangiliwa.

Mwishoni aliacha. Akanikabidhi kipaza sauti, akaenda kuketi chini katikati ya watu, akasema kwa Kiswahili, "Madam, sema mwenyewe."

Ripoti niliyoishika haikuwa na neno hata moja la amri. Ilisema kiasi kimezidi, basi. Ofisi haikuwa imenipa ruhusa ya kusema zaidi ya kilichoandikwa. Niliifunga.

"Msinywe haya maji," nikasema. "Msiwape watoto, msipikie. Fueni, fyatueni matofali. Msinywe."

Hapo hakucheka mtu. Udamarega ndiye aliyeuliza, na lilikuwa swali la haki.

"Tunywe yapi?"

Yalikuwepo maji ya chemchemi mlimani, ambako walikuwa wakichota kabla ya kisima. Zaidi ya saa moja kupanda, na kushuka ni zaidi kwa sababu ya mzigo. Kisima kilikuwa kimewaondolea hiyo safari, na kilizinduliwa kwa utepe na ngoma. Mimi nilikuwa nawarudisha walikotoka, kwa kurasa tisa.

"Ya mlimani," nikasema.

"Wewe utapanda?"

Wanawake wote walinigeukia. Nikasema nitapanda. Kesho yake asubuhi nilipanda na ndoo ya lita ishirini na viatu vya ofisini. Nilifika chini na lita kama sita, nyingine nilikuwa nimezivaa. Hawakunicheka, ila walinipa ndoo ndogo siku ya pili. Nilipanda wiki nzima, likizo yangu ikaishia huko.

Niliporudi ofisini mkuu wa idara alikuwa na simu tatu za kulalamikia kisima kilichozinduliwa kwa heshima kukatazwa na afisa wa boksi.

"Kazi yako ni kurudisha matokeo," akaniambia. "Kuyatekeleza nani alikutuma?"

"Wananchi waliuliza, mkuu."

"Ungewajibu kwamba hilo swali litafanyiwa utafiti."

Nilipewa barua ya onyo. Fomu ya kisima sikuiwekea tiki popote, na fomu isiyo na tiki hairuhusiwi kufungiwa jalada, kwa hiyo kila robo ya mwaka ilirudi mezani kwangu na swali, na kila robo nilijibu kwa ombi la tangi. Sikuwa shujaa, nilikuwa nasumbua. Ilichukua misimu miwili ya masika. Mwishowe shule na kanisa viliwekewa mabomba ya kukinga mvua kutoka paani na matangi makubwa mawili, nadhani ili fomu iondoke. Kiangazi kikiwa kirefu wanawake bado hupanda mlimani. Na zipo nyumba hazikuacha kabisa kisima, siwezi kuwadanganya.

Mzee Tluway alistaafu kabla yangu, anafuga nyuki karibu na Haydom. Tangu siku ile hakutafsiri tena mkutano. Aliendesha tu, na ukimwomba hadithi njiani alikuwa anakuuliza kwanza kama ni ya kucheka au ya kufanya kitu.

Sasa lile boksi. Ndani mna ripoti moja, iliyoletwa mwezi wangu wa mwisho kazini na kundi jipya la watafiti. Waliona kisima kizuri, pampu nzima, na watu wanakipita kwenda kukinga mvua, wakashangaa. Utafiti wao unasema wakazi wanakikwepa kwa sababu za kimila. Nukuu ninazozitafsiri ni zao: wakazi wanadai kuwa zamani alikuja mwanamke kutoka kusini aliyeomboleza nyota, akakataza maji, kisha akapanda mlima. Wanapendekeza watu waelimishwe ili warudi kukinywea. Kuhusu mwanamke huyo wanasema hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwepo.

Niliisoma mara mbili, nikatafuta wa kucheka naye, ofisi ilikuwa imekwenda chai. Kisha nikachukua kipaza sauti, nikapakia betri zangu, nikaenda Getanuwas kuyarudisha, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Niliisoma yote, hadi pale pa ushahidi. Gidamis, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alicheka mpaka akaomba maji.

"Huyo mtafiti alimuuliza nani?" nikauliza.

"Aliniuliza mimi," Udamarega akajibu. "Nikamwambia ni Madam Zuhura. Akaniuliza Zuhura maana yake nini, mwenzake wa Pwani akamwambia ni jina la nyota. Akaandika, akaandika, akaandika."

"Hukumwambia habari ya madini?"

"Nilimwambia. Akasema hilo halimo kwenye maswali yake."

"Na meno ya watoto, aliyaangalia?"

"Hakuyauliza."

Alikuwa amekuja na mwanawe wa mwisho, binti wa darasa la pili, aliyezaliwa baada ya matangi. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mdomo umefumbwa kwa aibu ya kutazamwa na mgeni. Udamarega akamvuta mbele kwa bega.

"Cheka," akamwambia, "Madam aone."

Binti akacheka. Yale mawili ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameota, mapana, meupe.